Lango la Mama, Ukurasa wa Tisa

Kitu cha kwanza msichana mfagiaji alichokiona ni kwamba kufuli halikuwepo. Kwenye picha ya ukurasa wa tisa, lango la chuma la kaskazini lilikuwa limepigwa rangi ya samawati, linang'aa kama sahani mpya, na pale kwenye komeo, palipokaa kufuli kubwa kama ngumi ya mwanamume, hapakuwa na kitu. Wamelifuta. Yeye ndiye aliyelipangusa vumbi kila Jumatatu, kwa hiyo hapakuwa na wa kumdanganya.

Maneno aliyasoma baadaye, polepole, kwa kidole, maana shule aliiachia darasa la sita. "Lango la Mama. Akina mama wenye watoto wadogo na waja wazito waingilie hapa. Hakuna msongamano."

Alirudia mara tatu, akidhani amekosea herufi.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri. Kilikuwa mwongozo wa mgeni kwa viwanja vyote vikubwa vya mji: uwanja wa mpira, ukumbi wa ndondi, bwawa la kuogelea, viwanja vya kikapu. Kilisema wapi pa kukaa usichomwe na jua, na choo kipi hakikosi maji. Nusu ya hayo yalitoka kinywani mwake. Miezi mitatu nyuma, mwanamke mmoja wa ofisi ya wageni, ambaye wafagiaji walimbatiza Miwani siku ileile aliyofika, alikuja na daftari akitaka majina ya mahali wanayotumia wenyeji. Na wafagiaji wana jina kwa kila pembe. Kwenye ndondi kuna Mlango wa Mapua, anapotolewa aliyeshindwa, pua imevimba. Bwawani kuna Benchi la Wakwe, kwa sababu wakaaji wake hawaingii majini, wanatazama tu na kukosoa. Uwanjani kuna Jukwaa la Wavumilivu, wanapokaa mashabiki wa timu ya nyumbani. Miwani alicheka mpaka akapangusa machozi, akaandika yote.

"Na hili?" aliuliza walipofika kaskazini.

"Lango la Mama."

"Kwa nini mnaliita hivyo?"

"Basi tu," alisema, akaitazama ndoo yake.

Hiyo "basi tu" ndiyo iliyozaa ukurasa wa tisa.

Mama mwenyewe alikuwa mama yake mzazi. Alifagia uwanja ule miaka kumi na moja. Siku ya fainali moja, ubao wa jukwaa la juu ulipasuka kwa kishindo, watu wakadhani jukwaa lote linaanguka, wakamiminika lango la kaskazini. Ng'ambo ya uwanja hakuna aliyejua, kelele zilikuwa zilezile za mpira. Lango lilikuwa limefungwa. Na linafungukia ndani; watu wakishaliegemea, halivutiki hata kwa ng'ombe. Mama alikuwa mbele kabisa na ufagio wake, akiwapigia kelele warudi nyuma. Ufunguo ulikuwa kwa mkuu wa malango, kaka yake wa tumbo moja.

Karatasi ya ofisi ilisema marehemu alikuwa na moyo, ndio uliomuua.

"Alikuwa nao kweli," alisema Bi Ndoo, mfagiaji mkongwe kuliko wote. "Ndiyo maana hakukimbia."

Tangu hapo wafagiaji waliliita Lango la Mama, kwa sauti ya chini, na halikufunguliwa tena. Mjomba alimchukua mtoto, akamtoa shule, akamkabidhi ufagio wa mama yake. Na kila alipopata wasaa alimkumbusha kwamba bila yeye angelala nje.

Sasa mchezo wa Jumapili ungejaza uwanja, na vitabu vilikuwa vimeshagawiwa kila hoteli. Alihesabu siku, zilibaki tatu. Akajikaza, akaenda ofisini kwa mjomba. Alimkuta anakunywa chai chini ya ubao wa funguo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vyoo umemaliza?"

"Nimemaliza. Mjomba, kitabu kimekosea. Kinawapeleka wenye watoto kwenye lango."

"Lango gani?"

Alijua lango gani. "La kaskazini."

Mjomba aliweka kikombe chini, akacheka peke yake. "Haya, tumepata profesa. Darasa la sita limemshinda, anasahihisha vitabu vya wasomi."

"Linafungukia ndani."

"Nitalifungua mapema nilifunge kwa mnyororo ukutani, lisirudi. Nitasimama pale mwenyewe. Umeridhika, mheshimiwa?"

"Si ungewaambia tu walifute kitabuni?"

"Niwaambie sababu gani?" Sasa hakuwa anacheka. "Unakula kwangu, unalala kwangu. Huo ulimi uuache ulipozoea kukaa, nyuma ya meno. Chukua ndoo yako."

"Sawa, mjomba."

Nje, Bi Ndoo alikuwa anakamua tambara na amesikia kila kitu, maana masikio yake hayakuzeeka naye. "Kamwambie Miwani."

"Nitamwambiaje, bibi?"

"Kwa mdomo. Si unao? Mbona wa kulia wali unafunguka vizuri tu."

Hakwenda. Siku ile alifika mpaka kituo cha basi la kwenda mjini, akasimama, akarudi.

Ijumaa asubuhi Miwani alikuja mwenyewe na wageni kumi na wawili, kila mmoja na kitabu mkononi. Mjomba alitangulia, shati limenyooshwa likanyooka. Lango lilikuwa limepakwa rangi jana yake, lifanane na la kitabuni, bado linanuka. Mgeni mmoja mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni. Alilisogelea, akaweka kiganja kwenye chuma kama anapima joto la mgonjwa.

"Kwa nini Lango la Mama?" aliuliza.

"Mkuu wa malango atueleze," alisema Miwani.

Mjomba alikohoa kidogo. "Sisi hapa tunawaheshimu sana akina mama. Mama kwanza, wengine baadaye. Ni utaratibu wetu tangu zamani."

Wageni wakapiga makofi. Miwani akamwona msichana akiwa na ufagio kando ya ukuta, uso ukamchangamka. "Na huyu hapa ndiye aliyenipa jina lenyewe. Si ndivyo, mdogo wangu?"

Mjomba akamtupia lile jicho la nyumbani.

"Sivyo alivyosema mjomba," alisema msichana. Sauti ilikuwa ndogo mno, yule mwenye mtoto ikabidi ainame ili asikie. "Mama ni mama yangu. Alifia hapo uliposimama, dada. Walimbana kwenye chuma, lango limefungwa. Usimlete mtoto hapa Jumapili."

"Mniwie radhi, wageni," mjomba alidakia. "Huyu ni mpwa wangu. Tangu mama yake augue moyo, akili yake—"

"Hakuugua." Akaushika ufagio kwa mikono miwili. "Alinituma umati ulipoanza kuja, nikuite ulete ufunguo. Nilikukuta jukwaa la wakubwa, wanapiga penalti. Nikakuambia mama anakuita langoni. Ukasema, ngoja wapige hii moja. Nikasimama nyuma ya kiti chako. Walipiga tatu, mjomba. Nami nilizingoja zote tatu, kwa sababu niliona haya kukuita mara ya pili."