Upande wa Pili wa Ukuta

Mama alimketisha binti yake ndani ya beseni la kufulia, akamkaza pande zote kwa nguo chafu za wateja asianguke. Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi kumi na moja, na mgongo ulikuwa bado haujakaza. Hodi ilipopigwa, alipangusa stuli kwa gauni.

"Karibu, Bi Maswali. Umenona!"

Msichana wa mradi wa utafiti wa watoto alicheka, akatoa kishikwambi. Hii ilikuwa mara yake ya nne kuja.

"Mtoto anakaa bila kushikwa?"

"Humwoni?"

"Ameshikwa na nguo, dada."

"Basi andika nguo."

Akaandika hapana.

"Anasimama?"

"Nikimwegemeza, anasimama mpaka nihesabu mbili." Mama alitabasamu. "Mwalimu wa mazoezi akija kwa jirani kila Jumanne, tunamsikia ukutani. Shika nyonga, sukuma goti, hesabu. Na sisi tunafanya huku."

Kidole cha msichana kiliganda. "Dada, nyinyi ni kundi la pili."

"Ndiyo. La kuulizwa."

"La kulinganishwa na wanaofanyishwa mazoezi. Mkifanya mazoezi, matokeo yanaharibika. Hatutajua kama mradi unasaidia."

"Mtoto wa jirani alikuwa hivihivi. Jana kavuka uwanja kwa miguu yake, kaja kupigapiga beseni hili. Bado hamjajua?"

"Ripoti itatoka mwakani."

"Na wangu?"

"Mradi ni wa walio chini ya miaka mitatu." Alisema akitazama kioo cha kishikwambi. "Limebaki swali moja. Miezi mitatu hii, kuna mtu yeyote aliyekuja kuwajulia hali?"

"Wewe."

"Mimi sihesabiki, dada."

"Basi hakuna."

Msichana akabonyeza, akaacha kipande cha sabuni cha shukrani, akaaga.

Mama alimsikia akibisha kwa jirani. Mwalimu alikuwa ameshafika. Sauti yake ilikuwa nene, ya kusikika mpaka bombani. "Sukuma goti! Moja, mb..." Ikakatika. Wakanong'ona. Dirisha likafungwa, kisha meza ya mazoezi ikaburutwa kuelekea chumba cha mbali.

Alizitoa nguo moja moja, akamwinua binti yake kutoka kwenye beseni. Akamsimamisha mbele ya ukuta, akamshika nyonga. Mtoto aligeuza sikio, akatulia, kama afanyavyo kila Jumanne.

Wakasubiri mwalimu aseme "moja."