Kundi la Wanaosubiri

Fundi cherehani alimpeleka binti yake kliniki siku ya arobaini na moja tangu binti huyo aache kuchana nywele. Alimng'oa kitandani, akamvika gauni na kumkokota hadi mlangoni.

"Hii ni sonona," alisema mtafiti wa kliniki, kijana mwenye kalamu nne mfukoni. "Mmekuja wakati mzuri, mama. Tunalinganisha tiba. Kundi la kwanza linafundishwa kuyachunguza mawazo. La pili linapangiwa shughuli za kila siku. Dada, chota bahasha."

Binti akachota. Ndani kulikuwa na neno moja: KUSUBIRI.

"Hiyo nayo ni tiba gani?" mama aliuliza.

"Si tiba. Hao hawapewi kitu kwa miezi mitatu, ndipo watibiwe. Bila wao, tutajuaje kama wenzao wamepona kwa tiba au wamepona tu?"

"Kwa hiyo mwanangu ni kitambaa cha kujaribia mkasi."

"Tuseme ni kipimo, mama."

Kliniki nyingine haikuwepo. Mama akatia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Wanaosubiri walikuwa wanne. Kila Alhamisi walitakiwa kukaa koridoni saa nzima, kujibu maswali tisa, na kutia sahihi kwamba bado wanasubiri. Benchi lao lilikuwa limeng'oka miguu ya pembeni, ikabaki ya katikati tu. Mpishi mnene alikaa upande mmoja peke yake; mkunga, mhasibu mstaafu na binti wakabanana upande wa pili. Hapo lilitulia. Akipungua mmoja, wote chini.

Alhamisi ya tatu binti hakuamka. Simu ya mama ikalia.

"Mwenzetu yuko wapi?" Alikuwa mpishi. "Nimeanguka mara mbili! Mhasibu karushwa hadi mlango wa maabara!"

Mama aliiweka simu sikioni mwa binti. Godoro likaanza kutikisika. Mama alidhani ni kilio; kumbe mtoto anacheka.

"Mwambie asikae kwanza," binti alisema. "Nakuja."

Hakukosa tena. Hata nywele alichana, kwa sababu mkunga alilalamika kwamba zinamwingia puani.

Wiki ya tisa mtafiti alifika kwenye chumba cha kushonea, jasho likimtoka.

"Mama, wanaosubiri wanapata nafuu kuliko makundi yote mawili!"

"Hongera."

"Hongera gani? Wanaharibu ulinganisho! Mwambie dada asicheke wakati anasubiri. Nitawaletea viti vinne, kila mtu na chake, kila mtu na ukuta wake."

Mama akasimamisha cherehani. "Ukimpa mwanangu kiti chake, kesho hatoki kitandani. Mimi ndiye niliyemng'oa, wewe hukuwepo. Hivyo viti kavikalie mwenyewe, vyote vinne."

Binti alikuwa nyuma ya pazia, akipima pindo. Akatoka.

"Mama, mimi sijapona," alisema. "Asubuhi bado naamka na jiwe hapa." Akagusa kifua. "Tiba naitaka. Na benchi nalitaka."

Mama alimtazama mtafiti. Mtafiti aliitazama fomu yake, akatafuta kisanduku cha mtu wa namna hiyo, hakukiona. Akachomoa kalamu ya nne, akachora kipya.

Alhamisi iliyofuata mama mwenyewe alimsindikiza binti. Mnasihi wa kundi la mawazo alitoka ofisini na jalada lake, akamwita binti aingie.

"Siwezi kuinuka," binti alisema. "Mpishi ataanguka."

Mnasihi aliwaza kidogo, akakunja sketi, akachuchumaa mbele ya benchi.

"Haya. Ukiamka asubuhi, wazo la kwanza ni lipi?"

"Kwamba sina faida kwa mtu yeyote."

"Una ushahidi gani?"

Binti akajiweka sawa ili afikiri. Benchi likalia kwiii.

"Wewe!" mpishi akapiga kelele, akishika ukingo kwa mikono miwili. "Fikiri bila kujitingisha!"