Zulia la Nuara

Mama mkwe wangu alitukosesha nyumba kwa sinia moja la vikeki vya tende, na sijamsamehe.

Miaka kumi na moja faili letu, lililoandikwa kwa jina lake, lilikaa wilayani likisubiri nyumba ya serikali. Tuko saba katika vyumba viwili, kwenye jengo lililoachwa na Wafaransa juu ya korongo la mji wetu wa Konstantini, kuta zake zikivuja maji mwaka mzima. Tulipoambiwa kamati ya ukaguzi itapita Jumanne, mlango kwa mlango, nilijua la kufanya. Kila dhiki ni alama kwenye faili. Ndoo niliiacha chini ya paa linapovuja, magodoro saba nikayarundika sebuleni, na ukuta wenye ukungu nikauacha wazi. Kisha nikatoka mara moja kufuata mkate.

Niliporudi nikadhani nimekosea mlango. Ukuta umepigiliwa zulia jekundu. Kuna kochi, kuna meza ya shaba. Ndoo na magodoro havipo. Wanakamati wameketi, na mama mkwe, Lalla Yamna, kavaa gauni lake la mahameri, anawamiminia kahawa.

Nikamvutia jikoni. "Vitu vya nani hivi?"

"Vya Nuara, mlango wa pili. Kanisaidia hata kubeba kochi, masikini. Magodoro yako kwake."

"Mama, umetuua!"

"Huna haya wewe. Wageni waingie kwangu wakute ndoo? Kwenu ulilelewa na nani?"

Nikarudi sebuleni nikakamata pembe ya zulia. "Tazameni nyuma ya hili!"

Lalla Yamna akanibana mkono huku anawachekea wageni. "Msimjali. Mke wa mwanangu ana homa."

Mama wa kamati, miwani kwenye ncha ya pua, akauliza, "Mnalala wapi wote?"

"Nafasi tele, binti yangu, alhamdulillahi. Ongeza keki."

"Mwongo! Humu tunalala watano!" nilipiga kelele.

"Dada, tangu asubuhi tunaigiziwa umaskini," alisema yule mama akiandika. "Angalau hapa kuna ustaarabu."

Wakaaga, wakaenda kubisha kwa Nuara.

Jioni Nuara alirudisha magodoro, akachukua kochi na meza. Zulia alisema tuliache, atalichukua siku akihama. Nilidhani anatania.

Miezi minne baadaye orodha ilibandikwa. Nilisukumana na nusu ya mji mpaka nikaifikia. Jina letu halimo. La Nuara limo, Nuara mwenye mume, mtoto mmoja na faili la juzi tu. Hapo ndipo nilipoelewa kamati ilikuta nini kwake siku ile: chumba kitupu, na magodoro yetu saba.

Tulipewa siku nane za kupinga. Lalla Yamna alikataa kutia sahihi. "Niandike kwa mkono wangu kwamba niliwadanganya wageni? Nife kwanza." Mume wangu akavaa koti akaenda mkahawani, kama kawaida yake. Siku nane zikapita.

Nuara alikuja na nyundo mkononi, funguo mpya zikining'inia kidoleni.

"Nimefuata zulia langu, jirani. Naona mmelizoea."

"Toka, mwizi!"

"Nimeiba nini? Si mliniomba wenyewe?"

Nililing'oa mwenyewe, misumari ikaruka. Mgongo wa zulia ulikuwa mweusi kwa ukungu, umeoza, na nilimtupia miguuni nikifurahi. Ukuta ukabaki uchi mbele yetu sote.

Lalla Yamna alikuwa ameshainjika birika. Akautazama ukuta, akamtazama Nuara, halafu akanirushia shuka.

"Funika pale, Zulikha. Tuna mgeni."