Koti Lililopigana

Mume wangu alipigana vita ndani ya koti la kuazima. Hilo ndilo kosa lake lote, na anayetaka kubisha aje tubishane.

Jeshini alikuwa mpishi. Wenzake walimpachika jina la Upawa, na mpaka leo nikimkasirikia humwita hivyo hivyo. Kambi yao ilikuwa chini ya kilima, na juu ya kilima walikaa askari waliolinda njia kwa bunduki kubwa ya rashasha. Wapishi hawakupewa makoti mazito, eti mtu wa jikoni ana moto wake. Lakini kila alfajiri mpishi ndiye aliyepandisha chai kilimani, na kule juu baridi ilikuwa ya kukata mifupa. Kwa hiyo wakajizoesha: anayepanda na chai huazima koti la yeyote aliyebaki chini. Amri hiyo haikutolewa na mkubwa yeyote, ulikuwa ubinadamu wao tu.

Asubuhi hiyo koti lilikuwa la rafiki yake kipenzi, aliyekuwa amelala hemani na homa, hajitambui. Jina la mwenye koti lilishonwa kifuani. Upawa alipanda na birika lake katikati ya ukungu, na kabla hajamimina kikombe cha kwanza, adui akawavamia. Waliokuwa kwenye rashasha wakaanguka. Mpishi akaweka birika chini, akashika bunduki, akaziba njia mpaka msaada ulipofika. Majeruhi aliowaburuta nyuma ya mawe walikuwa wa kikosi kingine kilichofika usiku uleule, hawamjui hata sura. Walichosoma ni jina la kifuani.

Miongoni mwa waliokufa pale juu alikuwamo mdogo wake yule rafiki, kijana ambaye ndevu hazijaota sawasawa. Upawa alivua koti akamfunika nalo. Akaanza kushuka na shati lake la jikoni, birika mkononi, na bomu la mwisho likapasuka nyuma ya mgongo wake. Waliomwokota waliona shati, wakaona na birika lililotoboka, wakamaliza kazi ya kufikiri. Karani wa hospitali akaandika: ajali ya jikoni, jiko limelipuka. Mpishi apatwe na nini kingine?

Upawa alipotoka hospitali, miezi mingi baadaye, rafiki yake alikuwa ameshavishwa nishani ya mapigano. Alipopata nafuu ya homa alikuta koti lina damu juu ya kitanda chake na wakubwa wamesimama wanampigia saluti. Alimletea mume wangu ile nishani huku analia. "Chukua, ni yako."

Mume wangu akacheka, akamrudishia. "Aliyepigana ni koti. Mimi nililisindikiza tu. Na koti ni lako."

Mimi nilikuwa bibi harusi mpya, nikaona nimeolewa na malaika. Nilikuwa sijajua kwamba malaika naye huhitaji miguu.

Basi rafiki akawa shujaa wa mji mzima, mimi nikimwita shemeji. Tatizo likawa moja: kila sherehe ya taifa anaitwa kuhutubia, na kilimani hajawahi kufika. Jioni ya kuamkia sherehe alikuja jikoni kwetu, akavuta kigoda, na mume wangu akamfundisha. Mimi naosha vyombo, wao wanapigana vita.

"Halafu nikafanya nini?" shemeji alikuwa akiuliza.

"Halafu ukaweka birika chini."

"Shujaa mwenye birika? Watacheka!"

"Waache wacheke. Ukilitoa birika, hadithi haina ladha."

Alimfundisha yote, mpaka mahali pa kukohoa. Isipokuwa jambo moja, ambalo alilificha moyoni na kuniambia mimi peke yangu, baada ya miaka mingi ya kumsikia akiweweseka. Nilimwapia kwamba halitatoka kinywani mwangu.

Hayo yote yangebaki utani wa jikoni kama si kile chuma. Kipande cha lile bomu kilikaa mgongoni mwake kwa adabu miaka yote, na mwaka huu kikaanza kutembea. Daktari wetu alitundika picha kwenye taa, akatuonyesha kidoa cheupe pembeni ya uti wa mgongo. "Kikiendelea kusogea, mzee ataamka siku moja hana miguu. Sisi hapa hatuna uwezo wa kukitoa. Hospitali ya jeshi wanao."

Kule hospitali ya jeshi, dada wa mapokezi alifungua faili, akasoma, akalifunga. "Ajali ya jikoni. Sisi tunapokea waliojeruhiwa vitani tu, mama. Samahani." Wakati huo mguu wa kushoto ulikuwa umeshakufa ganzi. Nilikuwa namvisha soksi na hajui kama nimemvisha.

Nikamwambia apeleke maombi kwenye bodi ya kumbukumbu za jeshi, wasahihishe jina. Akakataa. "Tenda wema uende zako."

"Uende zako kwa miguu ipi?" nikamuuliza.

Kesho yake aliweka sahihi.

Bodi ilitaka shahidi, na shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu. Nikaenda kwa shemeji mwenyewe, nikijua ni mtu mwema, atasema kweli. Binti yake, mwalimu wa shule, alinifungulia mlango akiwa na uso wa huzuni. "Mama mdogo, akili ya baba siku hizi haipo sana," akaninong'oneza.

Shemeji alikuwa barazani, nishani kifuani juu ya fulana. Nilipotaja kilima macho yake yakawaka. Akanisimulia vita nzima: ukungu, birika, rashasha, mpaka akakohoa palepale pa kukohoa. Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli. Nikamshika mkono. "Shemeji, wewe siku ile ulikuwa hemani na homa. Aliyepanda ni Upawa."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Upawa alikuwa mpishi, shemeji. Alibaki chini."

Hakuwa anadanganya. Uzee ulikuwa umemfutia hema, homa na kigoda cha jikoni kwetu, ukambakishia hotuba tu. Binti yake alinisindikiza mpaka barabarani, na huruma yake ilikuwa imekwisha. "Mama mdogo, baba kapoteza kila kitu. Na hilo nalo mnataka kumnyang'anya?" Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, wala sikujali nani ananiona.

Siku ya bodi tuliitwa wote wanne. Kilikuwa chumba chenye feni inayolalamika na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja, afisa mstaafu, mwenye miwani na sauti ya upole. Ningependa niseme alikuwa mbaya, lakini hakuwa. Alimwachia mume wangu aongee akiwa ameketi, na Upawa akasimulia vizuri kuliko alivyowahi kusimulia. Nikajipa moyo.

Kisha mwenyekiti akafungua kitabu cha sherehe, chenye hotuba za shemeji za tangu enzi. Akasoma kidogo, akamtazama mume wangu, akasoma tena.

"Mzee wangu, nikusaidieje? Maelezo yako na yake ni yale yale. Birika, mawe, hata kikohozi. Ya kwake yalichapishwa zamani, ya kwako umeyaleta mwaka huu. Mtu yeyote akikaa hapa nilipokaa atasema umeyakariri."

"Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Unao ushahidi?"

Ushahidi wetu ulikuwa kigoda na vyombo vichafu. Binti wa shemeji akatazama sakafu, na shemeji mwenyewe alikuwa anatabasamu na feni.

"Basi nikuulize hivi," mwenyekiti akasema, na nikaona kweli anatutafutia njia. "Kuna jambo lolote la siku ile ambalo unalijua wewe, na yeye hajawahi kulisema popote?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anamtazama rafiki yake.

"Hakuna," akasema.

"Lipo!" Nilikuwa nimeshasimama.

Upawa akanishika gauni. "Mke wangu, kaa. Nakuomba."

"Sikai! Nimekaa vya kutosha." Kiapo ni kiapo, najua. Lakini kiapo hakimvishi mtu soksi. "Mheshimiwa, mdogo wake shemeji hakufa papo hapo kama wanavyosema. Risasi ilimpata tumboni, akakaa muda mrefu. Macho yalikuwa yanaingia giza, sura hakuitambua, lakini jina kwenye koti aliliona, akadhani ni kaka yake. Akaita, 'Kaka!' Mume wangu akaitika, 'Naam, mdogo wangu. Niko hapa.' Akaita tena, akaitika tena. Kila alipoita aliitikiwa, mpaka alipoacha kuita. Ndipo akamfunika koti. Hilo hamtalikuta kwenye hotuba yoyote, maana ndilo pekee ambalo hakumfundisha. Angemwambiaje mtu kwamba mdogo wake alikufa akimwita, na yeye yuko hemani?"

Feni ililalamika peke yake. Mwenyekiti alikuwa ameweka kalamu chini na kuvua miwani. Nikajua tumeshinda. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikaliona lango la hospitali ya jeshi likifunguka, Upawa akipita katikati, na haya ya kuvunja kiapo sikuona hata chembe.

Kisha nikamwangalia shemeji, na haya zikaja zote kwa mkupuo.

Tabasamu lilikuwa limemtoka usoni. Mikono yake ilipapasa mezani ikitafuta kitu cha kushika. "Aliniita?" akauliza. "Mdogo wangu aliniita?"

Binti yake akamkumbatia. "Baba, tulia, baba."

"Aliniita, na mimi..." Alipekua kichwani mwake kote na hakukuta kitu, kwa sababu mahali hapo hakuwa amefundishwa. Hofu niliyoiona kwenye uso wa yule mzee, Mungu asinionyeshe tena. Akazungusha macho chumbani, akapita kwangu, akapita kwa mwenyekiti, akafika kwa mume wangu, akatulia hapo. Akauliza kama alivyokuwa akiuliza jikoni kwetu.

"Halafu nikafanya nini?"

Mwenyekiti aliinama mbele kusikiliza. Ewe mume wangu, nilisema kimoyomoyo, funga mdomo. Nyamaza tu, wala usidanganye wala usiseme kweli. Ukinyamaza, tumepona.

"Uliitika, ndugu yangu," Upawa akasema. "Alikuita, ukaitika naam. Kila alipokuita."

"Alinisikia?"

"Alikusikia. Aliondoka akijua uko naye."

Shemeji akafunika uso kwa mikono yake na kulia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alikuwa akirudia, "Niliitika, niliitika," na binti yake naye analia juu ya bega lake.

Mwenyekiti alisubiri. Aliponyanyua kalamu, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee, nalazimika kukuuliza, maana nikishaandika nimeandika. Wakati huo wewe ulikuwa wapi?"

Mume wangu aliuvuta ule mguu uliokufa kwa mikono miwili, akauweka vizuri kando ya mwenzake.

"Chini," akasema. "Jikoni."

"Na mgongo wako?"

"Jiko lililipuka, mheshimiwa."

Nadhani hakumwamini. Alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Lakini bodi haiandiki machozi. Akaandika alichoambiwa, akagonga muhuri, maombi yakafungwa.

Shemeji alimkumbatia mume wangu mlangoni. "Ahsante kwa kuja, Upawa. Chai yako ile ilikuwa tamu sana." Binti yake alitaka kuniambia neno, likamshinda, akanibusu mkono. Nikauvuta mkono wangu. Sikuwa na wema wa kumgawia, wa nyumba yetu ulikuwa umekwisha wote mle ndani.

Tulifika mpaka ngazi za nje, na hapo mume wangu akasimama. Nilidhani anapumzika. "Huu wa kulia," akasema taratibu, "nao siusikii."

Nikamkalisha kwenye ngazi. Watu wakatupita na bahasha zao. Nilimvua kiatu, nikavua soksi, nikaanza kuusugua ule mguu, nikausugua kwa nguvu zangu zote, na hasira ikanipanda mpaka kooni. Miaka yote hii namhifadhi, namkanda, namwombea, na yeye ananunua usingizi wa mtu mwingine kwa miguu yangu mimi, maana miguu yake ndiyo niliyokuwa nikiitegemea uzeeni. Nilitaka kumtukana tusi ambalo halijawahi kutukanwa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni lile jina lake la jeshini.

"Upawa!"

"Naam, mke wangu," akaitika. "Niko hapa."