Sara Mwenye Pengo

Mlango wa mzee Reznik, jirani yangu hapa Malvern ughaibuni, ulikuwa wazi nusu. Nikabisha, nikaingia. Alikuwa ameinamia meza, patasi mkononi, akiuchana uso wa mama yangu.

Nilipiga ukelele mpaka patasi ikamdondoka. Kwenye kibao cha mti cha kuchapia picha, mama alikuwa amechongwa kama Sara mke wa Ibrahimu, anacheka kwa kuambiwa atazaa uzeeni. Mkwaruzo mrefu ulimpita kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni.

"Mzee, una wazimu?"

"Ni desturi ya kazi yetu, Bosibori," akasema. "Picha zikishachapwa, kibao kinauawa, asije mtu akachapa za wizi. Mnunuzi amezichukua zote asubuhi."

"Yangu iko wapi?"

"Yako?"

Mzee huyu alihama kwao, mji wa Odesa, akiwa kijana, na maisha yake yote anachonga watu wa Torati. Mama alipokuja kunitembelea, walipatana kwa ajili ya Jumamosi: yeye Myahudi, mama Msabato wa Kisii, hakuna aliyegusa kazi siku hiyo. Nikienda zamu hospitalini Jumamosi, wote wawili walinitazama kama mpagani. Siku nyingine mama aliketi pale dirishani akichorwa, na kicheko chake nilikisikia hadi kwangu. Lakini katika picha zote nilizo nazo amefumba mdomo. Alilionea haya pengo lake.

"Mama yako aliniapisha nisikupe," mzee akasema. "Alisema utamcheka pengo. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize vipi? Amekufa. Ajali ya gari, kule nyumbani Keroka. Wamemzika jana, nimetazama kwenye simu, na jeneza halikufunguliwa."

Mzee Reznik akaketi sakafuni, pale pale. Sikumwonea huruma. Nilimkasirikia yeye na kiapo chake, na mama nikamkasirikia zaidi. Mtu humfichaje mwanawe kicheko? Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilitaka yazoleke.

"Kichape," nikasema.

"Kimekufa, binti yangu. Mkwaruzo utatokea mweupe, katikati ya uso. Hakuna fundi anayechapa kibao kilichouawa."

"Madaktari walimshona kichwa chote kabla hajakata roho. Kaka yangu hakutaka nimwone hivyo. Kichape, Mzee."

Akashika meza, akainuka. Akapaka wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, huku machozi yakimtoka bila kuyafuta. Alipoibandua, nikaiinamia. Mama alikuwa anacheka, mdomo wazi, pengo lote nje, na mstari mweupe umepita jicho na shavu.

Nikanyoosha kidole. Mzee akanishika mkono, akasema wino haujakauka.

Nikamgusa mama hivyo hivyo.