Mizinga ya Shangazi

Mimi nasema kosa ni la Kiswahili, shangazi anasema ni langu. Nilimpigia simu nikamwambia twende kwenye kiwanda cha zamani cha kuundia manowari, siku hizi ni makumbusho, na juu ya meli kuna mizinga kibao. Sasa shangazi anafuga nyuki. Akaja na kofia yake ya wavu na kile kikopo cha kufukizia moshi.

“Iko wapi?” aliuliza tulipopanda sitahani.

Mwongoza wageni akamwonyesha midomo ya chuma iliyoelekea baharini. Shangazi akanigeukia mimi.

“Umenitoa kwangu nije kutazama mabomba?”

“Ni mizinga, shangazi. Ya vita.”

“Kama ni ya vita si ungesema ya vita!”

Akanuna. Mwongozaji akaendelea na maelezo yake, huku akipunga mkono kufukuza nzi sikioni. Shangazi akamwangalia vizuri yule nzi, akamfuata kwa macho mpaka kwenye mzinga wa mwisho.

“Huu ndio kipenzi chetu,” alisema mwongozaji, akiupiga kofi la nguvu. “Tangu vita viishe haujatoa hata sauti.”

Shangazi akatega sikio kwenye mdomo wa ule mzinga. Uso ukamchanua. Taratibu akavaa kofia yake, akashusha wavu.

“Nisamehe bure, mwanangu,” aliniambia. “Mzinga upo. Haya, kimbieni.”