Mhula wa Tatu Juu ya Jiwe Letu

Jua likichomoza hapa Igogo, kwenye mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, jiwe letu huwaka. Dagaa wabichi wametandazwa juu yake, na mwanga unaruka mgongo kwa mgongo, mgongo kwa mgongo, mpaka macho yanauma. Waka, jiwe letu, waka. Juu yako nimewalea wanangu wote, na sijamwomba mtu chumvi.

Mwenyekiti Mayala, ulisema utaondoka.

Ulisema kwa mdomo wako, umesimama juu ya jiwe hili hili, siku ya kwanza tulipokuchagua uongoze kikundi chetu cha waanika dagaa. Ukatusimulia habari za Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Ukasema alishinda vita, akaliacha jeshi, akarudi shambani kwake. Ukasema wakampa urais, akakaa mihula miwili, na walipotaka aendelee akakataa, akarudi tena shambani. "Mama zangu," ukasema, "na mimi ni hivyo hivyo. Miwili tu, naenda zangu." Tukapiga vigelegele. Mimi Agutu, mama yake Sharon, mzaliwa wa Shirati, nilipiga mpaka sauti ikanikauka.

Miwili imekwisha. Mbona huendi?

Eti katiba ya kikundi irekebishwe. Eti kazi haijaisha. Kazi gani, Mwenyekiti? Ya kumpa shemeji yako Luhende jiwe letu ajenge baa? Unadhani hatujui? Mafundi wake wamekuja na kamba, wamepima huku na huku, wamekanyaga dagaa wangu kwa viatu vyao, na nilipowauliza wakanijibu, "Mama, subiri uchaguzi uishe." Uchaguzi uishe! Loo, damu ilinichemka. Jiwe likienda, nitaanika wapi? Chini kwenye vumbi, niwauzie watu mchanga? Au nianike kwenye kipara chako?

Ulisema utaondoka.

Nikaenda kwa Mwalimu Nusrat, jirani yangu, anayefundisha historia sekondari. Nikamuuliza, huyo Washington aliondoka kweli, au ni maneno ya Mayala tu? "Kiti alikiacha kweli, Mama Sharon," akasema. Halafu akacheka kicheko kisicho na raha. "Ila hilo shamba alilorudia, unafikiri nani alikuwa analilima?"

Watumwa, Mwenyekiti. Watu weusi, walionunuliwa na kurithiwa, wao na watoto wao. Ulitusifia shamba, ukaificha mikono.

Akaniambia na habari za Ona. Ona Judge, binti mtumwa aliyemshonea na kumvalisha mke wa rais. Siku moja wakubwa wako mezani wanakula, Ona akatoka, akapanda meli, akaenda zake. Na huyo rais wako, angali kitini, akatuma watu wamfuate. Wakampata, wakambembeleza. Akakataa. Alizeeka katika umaskini, na hakurudi mpaka anaingia kaburini.

Nililia, nasema kweli, nililia kwa hasira. Miaka yote hii ulitusimulia mwanamume aliyeondoka kwenye kiti. Hukutusimulia mwanamke aliyeondoka kwa mwanamume huyo.

Basi asubuhi ya leo ukatuamuru tusianike, jiwe liwe safi kwa mkutano. Likalala jeusi, tupu, kama sufuria iliyooshwa. Ukapanda juu na suti yako ya kijivu. Mpinzani hakuna, wote umewatisha. Na kwa kuwa sisi huchagua kwa kupanga mstari nyuma ya tunayemtaka, ukapiga makofi: "Haya, mama zangu, mstari!"

Nikainuka. Nikajitwika beseni langu. Sikukutukana, ingawa matusi ninayo, tena ya lugha mbili. Nikakupita begani, nikaenda kumwaga dagaa wangu pale pale kamba ya mafundi ilipopita.

"Mama Sharon! Unakwenda wapi? Tuko kwenye mkutano!"

"Kazini," nikasema.

Nikasikia beseni jingine likikwaruza jiwe. Na jingine. Na jingine. Sikuwaita, haki ya Mungu sikuwaita. Walikuja wenyewe, mmoja nyuma ya mwenzake, wale uliowatisha na wale uliowapa kanga, mabeseni vichwani, hadi mwisho wa mwalo. Si ulitaka mstari, Mwenyekiti? Ndio huo.

Nyuma yako wamejipanga makorongo, wale ndege wala takataka wenye shingo za upara, wanasubiri matumbo ya samaki. Hao ndio wapiga kura wako.

Na jiwe limewaka tena, jamani. Limewaka ukingo hadi ukingo, mgongo kwa mgongo, hakuna pa kukanyaga kiatu. Pamebaki giza mahali pamoja tu, hapo kivuli chako kilipowaangukia dagaa wangu.

Shuka, Mayala. Unatukingia jua.